Mashine ya Umeme Itoke Gulioni, Ipelekwe Kituo cha Afya

Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Tabora kwenda Kigoma, ukapita Urambo na Kaliua, ukashuka Usinge au ukaendelea hadi Nguruka, kuna jambo utaliona katika kila stesheni ukitulia na kuwaangalia watu. Treni ikichelewa, abiria wakakaa juu ya mizigo yao, wazee huvua viatu. Joto lipo, lakini silo linalowavua viatu. Mmoja anasugua nyayo kwenye sakafu ya saruji. Mwingine anajimwagia miguuni maji ya chupa aliyonunua ya kunywa. Bibi anamwita mjukuu amkande vidole. Ukimwamkia, "Shikamoo bibi, miguu ina nini?", jibu halibadiliki sana: "Marahaba mwanangu. Inawaka moto." Wapo wanaosema wadudu wanatambaa chini ya ngozi, wapo wanaosema wanachomwa sindano, na wapo wanaopigwa shoti usiku wa manane hadi wakaruka kitandani. Tazama mguu wenyewe: hauna kidonda, hauna uvimbe, hauna alama.

Jambo la pili naliona magulioni. Kijana ana meza, spika na mashine ndogo ya betri yenye nyaya mbili, na mwisho wa nyaya kuna ndala za mpira au vibandiko. Mteja anavaa ndala, kijana anawasha, mguu unaanza kutetemeka. Kwenye spika anatangaza kuwa mashine inatoa sumu mwilini, inashusha presha, inaondoa kisukari, inarudisha nguvu za kiume, inatibu figo na ganzi. Wanaopanga foleni ni wazee wale wale wa stesheni. Wakitoka, wengi wanasema wamepata nafuu. Wiki ijayo wanarudi.

Niseme mapema ninaposimama. Mashine ile ina ukweli ndani yake, na ukweli huo umezikwa chini ya uongo wa spika. Umeme hafifu unaopitishwa juu ya ngozi, bila kuchoma wala kupasua, ni njia inayotumika hospitalini duniani kote kupunguza maumivu ya mishipa ya fahamu. Kuicheka ni kosa, na kumwachia muuza gulioni ni kosa kubwa zaidi. Mahali pake ni kituo cha afya, mikononi mwa mtu aliyesomea, kwa mgonjwa aliyepimwa akajulikana anaumwa nini.

Ugonjwa usio na kidonda

Maumivu ya kawaida yana kazi yake. Ukikanyaga mwiba, neva za mguu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, nawe unanyanyua mguu. Maumivu ya neva ni kitu kingine. Hapa kilichoharibika ni neva yenyewe. Inapeleka habari za moto pasipo na moto, na habari za mwiba pasipo na mwiba, mchana na usiku, miezi na miaka. Ndiyo maana mgonjwa hulia na ngozi yake ni nzima. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwenye miguu inayowaka huwa na shahidi mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Mke anaanza kufikiri mumewe amekuwa mvivu. Majirani wanaanza kunong'ona kuhusu kurogwa.

Mkoa wa Tabora hauna upungufu wa vinavyoharibu neva. Cha kwanza ni kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na sukari iliyozidi kwa muda mrefu hula neva kuanzia vidole vya miguu kupanda juu. Virusi vya Ukimwi navyo huharibu neva. Tena dawa iliyoitwa stavudine, ambayo ilikuwa sehemu ya matibabu ya mwanzo katika nchi nyingi za Afrika, iliwaachia wagonjwa wengi miguu inayochoma, mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Kwenye kifua kikuu, dawa ya isoniazid hupunguza vitamini B6 mwilini, na mgonjwa asipopewa nyongeza ya vitamini hiyo anaweza kuishia na ganzi. Ukoma, ambao Tanzania ilitangaza mwaka 2006 kuwa imeushusha hadi kiwango cha kutokuwa tena tishio kubwa la afya ya jamii, unaishi ndani ya neva zenyewe, na waliopona wengi wamebaki na maumivu. Mkanda wa jeshi ukikauka, mbavu zinaweza kuendelea kuwaka miezi mingi baada ya malengelenge kupona.

Na sisi ni watu wa tumbaku. Baadhi ya viuatilifu vya jamii ya organofosfeti vinajulikana kudhuru neva, na mkulima anayepuliza bila glavu wala barakoa ana haki ya kuulizwa swali hilo akifika zahanati. Ongeza pombe kali ya kila jioni, ongeza lishe isiyo na nyama wala mayai. Je, kuna kata katika wilaya ya Kaliua inayoweza kusema haina watu wa namna hii?

Njia hii ya magharibi inaijua hali hiyo tangu zamani. Mwezi Januari 1858, msafara wa Mwingereza Richard Burton ukiwa umetoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kuelekea Mto Malagarasi, mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa ajabu: viungo vizito, mikono na miguu ikiungua kana kwamba iko motoni, kisha ikafa ganzi. Alibebwa kwenye machela. Habari zake tunazijua kwa sababu aliandika kitabu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea njia hiyo hiyo wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi begani hawakuandika, na hakuna aliyewauliza usiku neva za mabega yao zilikuwa zinasema nini.

Sindano isiyo ya ugonjwa huu

Mgonjwa wa miguu inayowaka anapewa nini leo? Anaanzia duka la dawa muhimu. Anapewa panadol, kisha diklofenaki ya vidonge, na maumivu yasipokwisha, diklofenaki ya sindano. Dawa hizi ni nzuri kwa jino, kwa mguu ulioteguka, kwa uvimbe. Kwa neva iliyoharibika hazifanyi kazi ya maana. Mgonjwa hajui hilo, kwa hiyo anaongeza. Mwaka unapita, vidonda vya tumbo vimeingia. Kama tayari ana kisukari na presha, figo zilizokuwa zimechoka zinapigwa nyundo nyingine.

Dawa zenye uwezo wa kutuliza neva zipo. Amitriptyline ni ya zamani na ya bei nafuu, na madaktari huitumia kwa kiwango kidogo usiku. Zipo pia gabapentin na pregabalin, ingawa bei zake ni mzigo kwa kaya ya mkulima. Lakini hata hizi hazimfai kila mtu. Amitriptyline humpa mzee usingizi mzito na kizunguzungu, mdomo unakauka, mkojo unakuwa mgumu kutoka kwa mwanaume mwenye tezi dume, na akiamka usiku kwenda nje anaanguka. Nyonga ya mzee ikivunjika Usinge, familia yote imevunjika.

Nalisema hili la familia kwa makusudi, kwa kuwa maumivu haya huwa hayahesabiwi. Tumbaku ni zao la miguu. Kuna kitalu, kuna kuhamisha miche, kupalilia, kuvuna jani kwa jani, kubeba, kufunga, kisha kukesha kwenye bani la kukaushia majani, ili moto usizimike wala usizidi. Baba asiyeweza kusimama saa mbili hawezi kukesha kwenye bani. Anayechukua zamu ni mama ambaye mchana alikuwa shambani, au kijana wa darasa la saba ambaye kesho yake anasinzia darasani. Tumbaku iliyokauka vibaya inashushwa daraja sokoni, na daraja likishuka mkopo wa pembejeo haulipiki. Nani ataandika kwenye daftari la chama cha msingi kwamba deni hili lilianzia kwenye neva za mguu wa mtu mmoja?

Ndiyo maana simlaumu mzee anayevaa ndala za umeme gulioni. Mfa maji haachi kutapatapa. Ninamuuliza anayepaswa kumpa kitu bora: umempa nini?

Kutoka kwa samaki hadi betri

Kutumia umeme kutuliza maumivu ni jambo la kale kuliko nyaya. Karibu miaka 2,000 iliyopita, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye jongo asimame ufukweni juu ya samaki hai anayetoa umeme, kwenye mchanga wenye maji, mpaka ganzi ifike gotini. Wamisri walimchora kambale wa umeme wa Mto Nile kwenye kuta za makaburi maelfu ya miaka kabla ya hapo. Na msafiri wa reli yetu akifika mwisho wa njia, Kigoma, yuko kando ya ziwa lenye kambale wa umeme wa aina yake, ambaye wataalamu wa samaki walimpa jina la kisayansi la Ziwa Tanganyika lenyewe. Mvuvi aliyewahi kumshika kwa mkono hahitaji kuelezwa maana ya ganzi.

Maelezo ya kisayansi yalikuja mwaka 1965, pale Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipotoa nadharia yao ya lango. Walisema kwamba habari za maumivu husafiri kwenye nyuzi nyembamba za neva, na habari za kuguswa kwenye nyuzi nene. Zote hupitia uti wa mgongo, na pale kuna kama lango. Nyuzi nene zikipeleka habari nyingi, lango huminywa na maumivu yanapenya kidogo. Mambo haya unayafanya kila siku bila kufundishwa: ukijigonga kiwiko unakisugua, mtoto akijikwaa mama anamsugua goti huku akimwambia pole. Kusugua kunaziamsha nyuzi nene.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Wall na daktari wa upasuaji William Sweet waliijaribu nadharia hiyo. Walianza na miili yao wenyewe, kisha wakapitisha umeme mdogo kwa wagonjwa 8 waliokuwa na maumivu makali ya muda mrefu. Wanne kati yao, wenye ugonjwa wa neva za pembeni, walichochewa dakika 2 tu wakapata nafuu iliyozidi nusu saa. Mwaka huo huo Norman Shealy wa Marekani aliweka kifaa cha umeme ndani ya mgongo wa mgonjwa kwa upasuaji. Kile cha juu ya ngozi mwanzoni kilitumika kuwachagua wagonjwa wa kupandikizwa, halafu ikaonekana kuwa wengine wanaridhika nacho bila kupasuliwa.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, betri, nyaya na vibandiko viwili au vinne. Kinatoa mapigo mafupi sana ya umeme, mara nyingi kati ya 50 na 100 kwa sekunde. Mtaalamu hupandisha nguvu polepole hadi mgonjwa ahisi mtetemo ulio imara usiomuumiza, kisha anauacha dakika 30 hadi saa nzima. Kuna namna nyingine ya mapigo machache na mazito zaidi, ambayo huuchochea mwili utoe vitulizo vyake wenyewe vya maumivu. Hakuna sindano wala damu, na hakuna kinachoingia tumboni kwenda kuchosha figo. Kinatumia betri, kwa hiyo hata kijiji ambacho nguzo za umeme hazijafika kinaweza kukitumia.

Nafuu si uponyaji

Hapa lazima niwe mkweli kwa msomaji, maana muuza gulioni hatakuwa mkweli kwake. Kifaa hiki hakiponyi neva. Hakishushi sukari. Hakitoi sumu yoyote. Kinapunguza maumivu kikiwa kimewashwa na kwa muda fulani baada ya kuzimwa, kisha maumivu hurudi. Kwa wengine hakifanyi kitu kabisa.

Ushahidi wake nao una mipaka. Mwaka 2017 mtandao wa kitafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 15 yenye wagonjwa 724 wa maumivu ya neva. Katika yale yaliyolinganisha kifaa cha kweli na cha kuigiza, waliotumia cha kweli walishuka kwa takriban pointi moja na nusu zaidi katika kipimo cha 0 hadi 10. Watafiti wenyewe walionya kuwa majaribio yalikuwa madogo na ubora wake dhaifu, kwa hiyo hawakuweza kutoa hukumu. Mwaka 2022 mapitio mengine makubwa zaidi, ya majaribio 381 ya maumivu ya kila aina, yalisema ushahidi unatosha kukubali kuwa kifaa hupunguza maumivu wakati wa kukitumia na mara tu baada yake, na kwamba madhara makubwa hayakuonekana.

Pointi moja na nusu ni kitu gani? Aliye kwenye 3 anaweza kusema si kitu. Aliye kwenye 8, ambaye hajalala tangu juzi, pengine hiyo ndiyo tofauti ya kulala na kukesha.

Linalonishawishi zaidi ni kwamba utafiti umeonyesha ni ugonjwa upi kinausaidia na upi hakiusaidii. Chama cha madaktari wa neva wa Marekani kiliandika mwaka 2010 kwamba kifaa hiki kina uwezekano wa kuwasaidia wenye maumivu ya neva ya kisukari, na kikakikataa kwa maumivu sugu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo maalumu, nalo halikukipendekeza. Lilisisitiza elimu, mazoezi na kuendelea na shughuli. Kwa hiyo mama aliyeinama shambani kutwa nzima na kiuno kikamkaza hahitaji mashine. Baba mwenye kisukari ambaye nyayo zake zinawaka usiku anaweza kuihitaji. Mashine ni ile ile, wagonjwa ni wawili, na majibu ni mawili tofauti. Spika ya gulioni inawezaje kuwatenganisha?

Hatari ya ndala za umeme

Haiwezi, na hapo ndipo hatari inapoanza. Kisukari kinapokomaa, nyayo huacha kuhisi. Mtu mwenye nyayo zilizokufa ganzi akivalishwa ndala za umeme, anasema "ongeza, sisikii", na kijana anaongeza. Ngozi inaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Kidonda cha mguu wa kisukari huanza kidogo hivyo, na safari yake inajulikana wodini: usaha, mfupa kuoza, kukatwa. Mtaalamu hupima kwanza wapi pana hisia na wapi hapana, kisha hubandika vibandiko juu zaidi, mahali ambapo ngozi inahisi.

Kuna wengine ambao hawapaswi kuguswa na kifaa hiki bila ushauri wa daktari: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani, mwenye kifafa kama vibandiko vinakaribia kichwa, mjamzito kama ni tumboni au kiunoni. Hakibandikwi mbele ya shingo, wala juu ya kidonda, wala juu ya uvimbe wa saratani. Muuzaji huwa hamwulizi mteja hata moja ya hayo. Anauliza kama una hela ndogo.

Na hatari inayonitisha kuliko zote haina uhusiano na umeme. Mtu aliyepata nafuu ya saa moja gulioni huamini ametibiwa, na hapimwi. Sukari inaendelea kupanda. Kifua kikuu kinaendelea kutibiwa bila vitamini B6. Ukoma unaendelea kula vidole vya mtu ambaye angepewa dawa bure akapona bila ulemavu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mashine ya gulioni imekuwa pazia zuri la kuyafichia.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo tangu mwaka 2019 imebeba jina la vifaa tiba pamoja na dawa, ina wajibu hapa. Sidai wauzaji wakimbizwe kwa virungu. Nadai kila kifaa kinachouzwa kwa ajili ya tiba kiwe kimesajiliwa, kiwe na maelezo ya Kiswahili ya nani hapaswi kukitumia, na anayetangaza kuwa kinaponya kisukari achukuliwe hatua. Uongo huo unaua.

Ngazi iliyokosa daraja moja

Mtu wa Usinge akiumwa miguu hivi, ngazi ya huduma yake ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya Kaliua, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ndiye aliyefundishwa kukishika kifaa hiki, kwa kawaida anapatikana juu ya ngazi hiyo. Vyuo vinavyowafundisha tunavyo, KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam, lakini kada hii tumeizoea kuiona kama kitu cha hospitali kubwa, cha wachezaji mpira na waliovunjika kwenye bodaboda.

Sasa fanya hesabu ya kaya. Tiba ya umeme hurudiwa. Haitolewi mara moja ikaisha. Mgonjwa huhitaji kuitumia mara kadhaa kwa wiki, angalau mwanzoni. Je, mzee asafiri kwa treni hadi Tabora mara kadhaa kwa wiki? Nauli, chakula, mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza. Hata kama huduma yenyewe ingekuwa bure kabisa, safari peke yake ingekula gunia la mahindi. Tiba ya aina hii ikibaki mkoani, kwa mtu wa kijijini haipo. Kwa kuwa kifaa ni kidogo, hakina gharama kubwa na hakihitaji umeme wa gridi, hakuna sababu ya kukifungia huko.

Ninachopendekeza kinaweza kufanywa na halmashauri bila kungoja mfadhili. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia wa wilaya awe na ratiba ya kuzunguka vituo vya afya, kama kliniki za mama na mtoto zilivyo na siku zake. Awafundishe tabibu na nesi wa kila kituo kupima hisia za mguu kwa uzi na pamba, kutambua maumivu ya neva kwa maswali machache, na kujua nani asiguswe na umeme. Vituo viwe na vifaa kadhaa vya kuazima: mgonjwa anafundishwa kituoni mara ya kwanza na ya pili mpaka aelewe, anakwenda nacho nyumbani mwezi mmoja, anarudi kusema kama kimemsaidia. Kama hakikumsaidia, kinachukuliwa anapewa mwingine, na yeye wa kwanza anajaribishiwa dawa. Vibandiko huchakaa kwa jasho na vumbi, kwa hiyo bajeti ya vibandiko na betri iandikwe tangu mwanzo, la sivyo baada ya miezi mitatu vifaa vitalala kabatini kama vilivyolala vingine vingi tulivyoletewa kwa shangwe.

Bima nayo isikwepe. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Katika mafao yanayopangwa chini ya sheria hiyo, fiziotherapia ya maumivu sugu ina nafasi gani kwa mtu wa kituo cha afya cha kata? Mbunge na diwani wanaweza kuulizwa swali hilo kwenye mkutano wa hadhara, na wakalijibu kwa mdomo wao.

Najua nitaambiwa kuna mambo makubwa zaidi. Malaria ipo, wajawazito wanakufa, dawa za msingi zinakosekana. Sibishani na hilo, wala siombi fedha ya chandarua igeuzwe kuwa fedha ya betri. Lakini maumivu sugu tayari yanakula fedha za wananchi hawa hawa kila siku, kwenye diklofenaki isiyofaa, kwenye ndala za gulioni, kwa mganga, kwenye nauli, kwenye vidonda vya tumbo na kwenye miguu inayokatwa. Fedha zinatoka. Tunachokataa ni kuzielekeza.

Kwa anayesoma na baba yake anaumwa

Wakati halmashauri inajadili, kaya ina la kufanya kesho asubuhi. Mzee wako akisema miguu inawaka au imekufa ganzi, usimnunulie sindano. Mpeleke apimwe sukari. Kipimo ni tone la damu na majibu hutoka hapo hapo. Mwambie tabibu dawa zote anazotumia, hasa za kifua kikuu na za kufubaza virusi. Mtazameni ngozi kama ina baka lisilohisi, maana hiyo ni dalili ya ukoma na dawa yake hutolewa bure. Kagueni nyayo zake kila jioni kwa taa, hasa kati ya vidole, na asitembee peku. Maji ya kumwosha miguu apime mwingine kwa mkono wake, si yeye kwa mguu usiohisi. Kama una ndugu mjini anayetaka kumtumia mashine ya umeme, kwanza mzee apimwe hisia za miguu na mtaalamu, na mashine iende naye kituoni ili aonyeshwe pa kubandika.

Na wewe diwani wa kata iliyo kando ya reli hii, bajeti ya halmashauri inapoandaliwa, weka mstari mmoja wa mtaalamu wa fiziotherapia na vifaa vyake. Wazee wa Usinge wasilazimike kwenda Tabora kutafuta huduma inayoweza kubebwa kwenye begi la mkononi.